Sabuni ya Rumonge ikifika Mugina: viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki vinamsaidia nani?

Anayesafiri kutoka Bujumbura kuelekea kusini kwa Barabara ya Taifa namba 3 huambaa na ufuo wa Ziwa Tanganyika, milima ikiwa kushoto kwake na maji kulia, mpaka afike Gitaza. Wakazi wa hapo wanaijua barabara hiyo kwa mema na mabaya yake. Ndiyo inayopeleka ndagala na mawese sokoni, na ndiyo iliyofunikwa kwa matope na mawe wakati wa maporomoko ya mwaka 2015. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kuitengeneza sehemu ya kutoka Gitaza hadi Rumonge, yenye urefu wa kilomita 45. Fedha hizo zilikuwa za mradi mmoja uliojumuisha pia barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu nchini Tanzania, yenye urefu wa kilomita 260.

Kwa nini barabara ya Gitaza na ile ya mkoa wa Kigoma ziwekwe katika mradi mmoja? Kwa sababu zote mbili ni vipande vya njia moja ya biashara. Kutoka Rumonge, njia hiyo hupita Nyanza-Lac na Mabanda, hufika mpakani Mugina, kisha huingia Manyovu upande wa Tanzania. Mwenye bidhaa ya kuuza Kigoma au Kasulu hupita humo.

Hata hivyo, lami peke yake haimalizi safari. Lori likifika mpakani, afisa haulizi barabara ilikuwaje. Anauliza mzigo huo una hati gani, umetengenezwa wapi, umepimwa na nani, na kama kipimo hicho kinatambuliwa upande wa pili. Makala haya yanaeleza namna nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilivyokubaliana kujibu maswali hayo kwa pamoja, mahali ambapo makubaliano hayo yanakwama, na jambo ambalo mtengenezaji mdogo wa ufuo wetu anaweza kulifanya.

Ushuru ulipungua, vikwazo vingine vikabaki

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, pamoja na Rwanda. Miaka miwili baadaye, Julai 2009, nchi hizo mbili zilianza kutekeleza Umoja wa Forodha, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zimeuanzisha Januari 2005. Tarehe 1 Julai 2010, itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kufanya kazi.

Maana ya Umoja wa Forodha ni nyepesi kuelewa. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya nchi mwanachama, ikikidhi kanuni za uasili, haitozwi ushuru wa forodha inapoingia nchi nyingine mwanachama. Bidhaa inayotoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja, ambao tangu tarehe 1 Julai 2022 una viwango vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Ngazi hiyo ya juu iliwekwa kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika, ili kuvipa nafasi viwanda vya kanda.

Lakini ushuru ulipoondoka, ilionekana wazi kuwa haukuwa mlango pekee uliofungwa. Bidhaa inaweza kusamehewa ushuru na bado ikazuiwa kwa sababu lebo yake imeandikwa vingine, kwa sababu maabara ya nchi jirani inataka kuipima upya, au kwa sababu nchi moja inaruhusu kifungashio ambacho nchi nyingine imekipiga marufuku. Haya ndiyo yanayoitwa vikwazo visivyo vya kiforodha. Ni vigumu kuviona kwa macho kwa kuwa havimo katika orodha ya kodi, ila mfanyabiashara hulipia gharama yake kwa siku za kusubiri, malipo ya vipimo na mzigo unaoharibika.

Ikumbukwe pia kwamba si kila sharti ni kikwazo. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu vikwazo vya kiufundi, ulioanza kutumika Januari 1995, unaipa kila nchi haki ya kulinda afya, usalama na mazingira ya watu wake. Kinachokatazwa ni sharti linalobana biashara kupita haja, au linalombagua mgeni na kumwachia mwenyeji. Kazi ngumu ni kutenganisha sharti linalomlinda mlaji na lile linalomlinda mshindani.

Kiwango ni nini hasa?

Tuchukue kipande cha sabuni ya kufulia, bidhaa ambayo watu wa Rumonge wanaifahamu vizuri kwa kuwa eneo lao ni kitovu cha michikichi nchini Burundi. Sabuni hupatikana kwa kuchanganya mafuta, kama vile mawese, na kostiki. Vitu hivyo viwili vikikutana kwa uwiano unaofaa, vinageuka kuwa kitu cha tatu kisichochoma ngozi na kinachoondoa uchafu.

Uwiano ukikosewa, madhara huonekana haraka. Kostiki ikizidi, ile isiyopata mafuta ya kuungana nayo hubaki ndani ya sabuni na kumchubua mikono anayefua. Maji yakizidi, kipande huwa kizito dukani, lakini baada ya wiki chache hukauka na kusinyaa. Mnunuzi atakuwa amelipia maji kwa bei ya sabuni. Mtengenezaji akijaza vitu vingine visivyo mafuta ili kipande kionekane kikubwa, povu hupungua na sabuni huisha upesi.

Kiwango ni andiko linalogeuza mambo hayo kuwa namba na masharti. Linaeleza kiasi cha chini cha mafuta yanayotakiwa kuwemo, kiasi cha juu cha kostiki huru kinachoruhusiwa, kiasi cha unyevu, namna ya kupima kila kimojawapo, na maneno yanayopaswa kuandikwa juu ya kifungashio: jina la mtengenezaji, uzito halisi na nchi ilikotengenezwa. Kwa mawese ya kula, mambo yanayotazamwa ni kama asidi huru, maji na takataka. Mafuta ya kula yanayorutubishwa huongezwa vitamini A, na kiwango kinaeleza ni kiasi gani.

Sasa fikiria kama kila nchi ingekuwa na namba zake. Sabuni iliyopita Burundi ingekataliwa Tanzania, iliyopita Tanzania ingekataliwa Uganda, na kiwanda kingelazimika kutengeneza sabuni tatu tofauti kwa masoko matatu yaliyo jirani. Kiwanda kikubwa huenda kingeweza. Chama cha akina mama wenye mapipa mawili na jiko la kuni kisingeweza.

Sheria ya mwaka 2006 na namna inavyofanya kazi

Ili kuepuka hali hiyo, Jumuiya ilitunga mwaka 2006 sheria inayohusu viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji. Chini ya sheria hiyo, kila nchi ina taasisi yake: Burundi ina BBN, yaani Ofisi ya Viwango na Udhibiti wa Ubora, Tanzania ina TBS, Kenya ina KEBS, Uganda ina UNBS na Rwanda ina RSB. Hakuna taasisi moja kubwa iliyozimeza nyingine. Kuna kamati ya pamoja ambayo taasisi hizo hukutania.

Utaratibu huwa hivi. Wataalamu kutoka nchi wanachama, wakiwemo wawakilishi wa viwanda na walaji, hukaa katika kamati ya kiufundi na kuandika rasimu. Rasimu hiyo hupelekwa katika kila nchi ili itolewe maoni. Kamati ya viwango ya Jumuiya huipitia, na mwishowe Baraza la Mawaziri huitangaza kuwa Kiwango cha Afrika Mashariki. Tangu siku ya kutangazwa, kila nchi ina miezi sita ya kukipokea kiwango hicho kama kilivyo, bila kubadili maneno yake, na kukifuta kiwango chake cha zamani kilichohusu jambo hilohilo.

Kipengele cha pili cha sheria hiyo ndicho kinachomgusa mfanyabiashara moja kwa moja. Bidhaa iliyopewa alama ya ubora na taasisi ya nchi moja inapaswa kutambuliwa na nchi nyingine kana kwamba alama hiyo imetolewa nao. Kwa maneno mengine, sabuni iliyopimwa na kupewa alama na BBN haipaswi kusimamishwa Manyovu ili ianze kupimwa upya. Alama hiyo ni mfano wa pasipoti: anayeitazama mpakani anahakiki kama ni halali, haanzi kuuliza upya mwenye nayo alizaliwa wapi.

Burundi ilijipatia sheria yake ya mfumo wa taifa wa viwango na vipimo Januari 2011, miaka michache baada ya kuingia katika Jumuiya. Baadaye zikafuata sheria nyingine mbili za kanda. Ile ya mwaka 2016 inahusu vituo vya huduma kwa pamoja mpakani, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja na msafiri husimama mara moja badala ya mbili. Burundi na Tanzania tayari zina kituo cha namna hiyo Kobero na Kabanga, na mradi wa barabara ya Gitaza na Rumonge ulikusudia vilevile kituo cha Mugina na Manyovu. Sheria ya mwaka 2017 inahusu kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, na inazitaka nchi ziwe na kamati za kitaifa za kuvifuatilia.

Mahali ambapo karatasi na mpaka haviafikiani

Kama sheria ni nzuri hivyo, kwa nini malalamiko hayaishi? Kuna sababu kadhaa, na zote zina ukweli wake.

Ya kwanza ni imani. Nchi haitambui alama ya jirani kwa sababu tu sheria imesema. Inaitambua inapoiamini maabara iliyoipa alama hiyo. Maabara huaminika inapokuwa na ithibati ya kimataifa, mashine zilizosahihishwa, na wataalamu wanaopata jibu lilelile wakipima kitu kilekile mara mbili. Mambo hayo yanagharimu fedha na miaka. Nchi ndogo yenye maabara chache hukuta vyeti vyake vikitiliwa shaka, hata pale bidhaa zake zinapokuwa safi.

Ya pili ni maamuzi ya ghafla. Mfano unaokumbukwa ni ule wa mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni. Namba hiyo ilikuwa moja kwa wote. Hata hivyo, tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yote kutoka Tanzania na Uganda ikitaja sumu hiyo, na malori yakakwama mipakani. Katika muda wa siku chache, marufuku hiyo iligeuzwa kuwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kiasi cha sumukuvu. Mahindi si bidhaa ya kiwandani, lakini funzo ni lilelile. Kuwa na namba moja hakutoshi pasipo makubaliano juu ya nani apime, wapi, na nini kifanyike mzigo mmoja unapoonekana mbaya. Kumzuia mwenye kosa ni udhibiti. Kuwazuia wote ni jambo jingine.

Ya tatu ni kwamba viwango vinaweza kuwa vimoja huku sheria nyingine zikitofautiana. Tazama mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na Burundi kwa amri ya mwaka 2018 iliyotoa muda wa miezi 18 kwa watu kujiandaa. Nchi zote zililenga jambo moja jema, ila kila moja kwa tarehe yake na kwa orodha yake ya vifungashio vilivyosamehewa. Kwa mtu anayefunga sabuni au chumvi, hilo lilimaanisha kwamba kifungashio kilichokuwa halali upande mmoja wa mpaka kingeweza kumponza upande wa pili, ingawa kilichomo ndani kilikuwa kimepita kipimo.

Ya nne ni lugha, na hapa mwandishi wa makala haya, ambaye kazi yake ya kila siku ni kufasiri, anaona tatizo kwa macho yake mwenyewe. Viwango vya Jumuiya huandikwa kwa Kiingereza. Ofisi za Burundi hufanya kazi kwa Kifaransa. Mama anayekamua mawese Rumonge, au kijana anayepakia katoni Gitaza, huzungumza Kirundi na Kiswahili. Kati ya andiko na mtu anayetakiwa kulitii kuna mito miwili ya kuvuka. Mkataba wa Jumuiya ulikipa Kiswahili nafasi ya lugha ya mawasiliano tangu mwanzo, na Februari 2021 wakuu wa nchi waliafiki kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Uamuzi huo utakuwa na maana siku ambapo kiwango cha sabuni kitapatikana kwa Kiswahili kinachosomeka katika soko la Rumonge. Kumdai mtu atimize sharti ambalo hawezi kulisoma ni kumwonea.

Upande wa pili wa ziwa

Biashara ya ufuo huu haielekei Tanzania peke yake. Ng'ambo ya maji ni Uvira, Fizi na Baraka, ambako Kiswahili ndicho kinachozungumzwa sokoni, na ambako sabuni, mafuta na vinywaji vya Burundi vina wanunuzi wa siku nyingi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022, na ikawa mwanachama kamili Julai mwaka huohuo. Taasisi yake ya kukagua bidhaa, OCC, ni kongwe, na hufanya kazi kwa Kifaransa kama BBN.

Kwa matumaini, hatua hiyo ina maana kwamba siku moja alama ileile itafaa Kigoma, Rumonge na Baraka. Lakini kutia saini ni jambo la siku moja, na kulinganisha sheria ni kazi ya miaka. Vilevile viwango haviwezi kufungua njia ambayo imefungwa kwa sababu za usalama au za kisiasa. Mpaka wa nchi kavu kati ya Burundi na Rwanda ulipofungwa Januari 2024, hakuna alama ya ubora iliyoweza kuupitisha mzigo. Ushirikiano wa kiufundi hustawi pale majirani wanapoelewana, na hunyauka wanapokosana.

Mtengenezaji mdogo afanye nini?

Jambo la kwanza ni kujua kwamba biashara ndogo ina njia yake. Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Bidhaa ikiwa katika orodha iliyokubaliwa na imetengenezwa ndani ya Jumuiya, mfanyabiashara hujaza hati rahisi ya uasili palepale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Hana haja ya kupita kichakani usiku, ambako akikamatwa hupoteza kila kitu.

Jambo la pili ni kutochanganya mambo mawili. Hati ya uasili inasema bidhaa imetoka wapi. Haisemi kama ni nzuri. Msamaha wa ushuru haumwondolei mtu masharti ya afya na ubora. Wengi hufika mpakani wakiwa na karatasi moja wakidhani inatosha kwa yote mawili, kisha hulaumu forodha kwa jambo ambalo si la forodha.

Jambo la tatu ni kuungana. Gharama za kupima na kupata alama ya ubora ni nzito kwa mtu mmoja. Zinapungua pale watengenezaji kumi wanapokubaliana kutumia uwiano mmoja, mizani iliyohakikiwa, na jina moja la bidhaa. Ushirika wa aina hiyo ndio unaoweza kusimama mbele ya BBN na kuomba kukaguliwa, badala ya kila mmoja kujificha.

Jambo la nne ni kuandika na kuripoti. Mzigo ukikataliwa, mfanyabiashara ana haki ya kuuliza umekataliwa kwa kifungu gani, na kuomba jibu hilo kwa maandishi. Kuna mfumo wa kuripoti vikwazo kwa intaneti unaotumiwa kwa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, COMESA na SADC, ambapo malalamiko hufikishwa kwa nchi husika na kufuatiliwa. Lalamiko lisiloandikwa huishia kwenye kijiwe cha kahawa. Lililoandikwa huwalazimu wenye ofisi kujibu.

Faida kwa asiyeuza chochote

Huenda msikilizaji wa Buyenzi au Nyanza-Lac akasema kwamba yeye si mfanyabiashara, na mambo haya hayamhusu. Yanamhusu kila anaponunua. Sabuni isiyomchubua mkono, mafuta yasiyooza mapema, saruji isiyopasuka baada ya mvua moja na uzito ulioandikwa kuwa ndio uzito uliomo: haya yote ni matunda ya viwango vinavyofuatwa. Bidhaa ikikataliwa Manyovu kwa sababu kweli ni mbovu, swali linalofuata ni kwa nini iliuzwa Rumonge bila kuulizwa.

Ndiyo maana ushirikiano wa nchi jirani haupimwi kwa idadi ya viwango vilivyotangazwa peke yake. Unapimwa kwa mambo yanayoonekana: lori linalotoka Rumonge likatumia saa chache mpakani badala ya siku, maabara ya Bujumbura ikaaminika Kigoma, na mtengenezaji mdogo akajua mapema, kwa lugha yake, anachotakiwa kutimiza. Lami ya Gitaza inafupisha njia ya kufika mpakani. Kuvuka mpaka huo kwa amani na kwa haki ni kazi ya ofisi, maabara na watu wanaokubali kuaminiana. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ila kibaba chenyewe lazima kiwe na ujazo mmoja, Rumonge na Kigoma.